Mota ya Wafula

Jumamosi

Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma.

Boti yangu ya rimoti, ile ya kupeleka chakula cha samaki katikati ya bwawa, ilikuwa na mota inayokula ampea kumi na mbili. Kontrola ya spidi, kile kifaa kinachopitisha umeme kwenda kwenye mota, inabeba ishirini. Ilibaki nafasi ya nane. Lakini Wafula, ndugu wa mke wangu, ana diploma ya umeme. Aliiangalia akacheka: "Shemeji, hii ni mota ya feni, bana. Weka kubwa."

Nikaweka. Jana nikaipima ndani ya karai la maji: ampea ishirini na nane. Nikanyamaza, maana mimi niliachia shule darasa la nane.

Leo Tongaren, mbele ya kikundi cha wafugaji samaki waliotaka kuiona kabla ya kununua, kontrola ilitoa moshi boti ikiwa katikati. Wafula akasema, "Ati labda betri ni feki." Boti ilipovutwa ukingoni, niliipima hapo hapo. Betri ni nzima.

Mwenyekiti wao, Mama Nekesa, aliniuliza mimi: "Fundi, wewe mwenyewe ulikuwa unaiamini?"

Nikajibu hapana. Akanipa Jumamosi moja tena, nije peke yangu.

Mota ndogo nimeirudisha. Kumwambia Wafula asije, hapo sijui nitaanzia wapi.