Kambale Kumi na Wawili

Jumanne, 3 Aprili 2001
Kadi ishirini na nane leo, kliniki ya watoto wenye utapiamlo. Uji wa soya umekwisha mapema. Nimepima mikono, nimeangalia nani anafuata uso wangu kwa macho. Mtoto Kambale, wa mama Kavira, waliokimbia vita Vuhovi, ana miezi kumi na haangalii mtu. Siku tatu kwa juma mama yake yuko salongo, kazi ya lazima ya barabara. Askari hawataki watoto pale. Anabaki na dada wa miaka mitano.

Jumamosi, 7 Aprili
Ripoti yangu, ya muuguzi wa kituo, imekwisha; itakwenda Beni, ofisi inayopanga salongo. Akili ya mtoto hujengwa miaka hii ya kwanza, kwa kunyonya, kwa kubebwa, kwa kusemeshwa. Naomba kitu kimoja tu: wanaonyonyesha waachwe nje ya salongo. Majina yote yamo. Nimejivuna kidogo.

Jumatano, 11 Aprili
Beni. Lori, mvua, matope. Chef wa bureau, mkuu wa ofisi, si mtu wa huku. Alipitisha kidole kwenye orodha, akacheka. "Lakini mama, huyu Kambale ni mutu moja. Umemuandika mara kumi na mbili. Unaniona mujinga?"
Sikuandika majina ya mama zao. Kwetu nani asiyejua kwamba Kambale ni jina la mtoto wa kiume wa pili, nyumba kwa nyumba? Nilieleza. Faili ilikuwa imeshafungwa. Mjinga ni mimi.

Jumanne, 17 Aprili
Pasaka imesimamisha salongo tangu Alhamisi. Kavira amekuja mbio. "Amecheka na mimi, mama infirmière." Kweli. Kambale amenishika kidole, akanitazama. Siku sita tu mgongoni mwa mama yake. Nimeandika kwenye kadi kwa herufi kubwa.

Ijumaa, 20 Aprili
Ninanakili orodha upya, naongeza jina la mama na kilima wanachokaa. Nimesimama katikati. Kambale, na nyumbani hakuna Paluku, wa kwanza. Kakule, wa nne, yuko peke yake. Majina yenyewe yanawataja waliokufa. Miaka yote hii nayaita kila asubuhi na sikusikia. Naona aibu. Nimeongeza safu: waliomtangulia wako wapi.

Alhamisi, 26 Aprili
Beni tena. Chef hakucheka. "Na Paluku yake iko wapi?" Nilijibu. Akauliza mstari wa pili, wa tatu. Kisha akaacha kuuliza, akapiga muhuri. Wanaonyonyesha wameachiliwa. Nililia ndani ya lori, mbele za watu.

Jumamosi, 28 Aprili
Salongo ilikuwa imeanza tena Jumatatu. Kambale wa Kavira aliharisha mikononi mwa dada yake. Wamemzika Jumatano, nikiwa natafuta lori.
Leo asubuhi barua ya ruhusa imesomwa penye kazi ya barabara, mtaa wa Kimemi. Wenye watoto mgongoni wamerudi nyumbani, wengine wakiimba. Kavira amebaki kwenye mstari. Amepewa jembe, amelipokea.
Kadi ya mtoto iko hapa mezani. Sijaiondoa.