Kwa Swalehe wa Kanda ya Kijapani, Chumbi

Mwaka umetimia, mjukuu wangu Swalehe Mfaume, tangu homa ilipokuchukua Mei 1993, mpunga wa Chumbi ukiwa umeanza kutoa masuke.

Tunakukumbuka ulivyokuwa ukianika betri juani ili redio ipate nguvu, na ulivyokuwa ukiizima ukipita penye nyumba ya mgonjwa.

Kanda ile ya muziki uliachiwa na Mjapani aliyekuja kufundisha kilimo cha mpunga. Magitaa ya humo yalikwenda mbio, ngoma haikumngoja mtu, na waimbaji walipokezana kwa kelele kama vijana wanaoburuta gogo. Nilikuuliza wanasema nini. Ukanijibu, "Sijui, bibi, lakini hawaniachi nikae."

Uliipiga juu ya dungu, kile kilingo cha shambani, wakati wa kuamia ndege wasile mpunga. Waliochoka na jua waliinuka, wakacheza huku wakigonga madebe, na ndege wakakosa pa kutua. Jirani yetu Mwanamina, mwenye pepo, alikaa mbali akiogopa pepo wake asije akampanda. Siku alipoinuka kucheza ulimtania, "Shangazi, nikuitie mganga?"

"Hebu niache. Pepo wangu hajui Kijapani. Hii ni miguu yangu mwenyewe."

Redio uliielekeza kwenye shamba la mzee Badru, asiyeweza tena kukimbiza ndege. Hukumwambia mtu. Mimi niliona.

Ulipoondoka, niliifunika redio kwa kanga, nikasema muziki usipigwe katika nyumba hii hadi mwaka upite. Msimu ule ndege waliumaliza mpunga wa Badru. Sasa masuke yametoka tena, naye alikuja kwangu juzi, akakoroga chai hadi ikapoa.

"Dada, siombi ngoma kwenye msiba wenu," akasema. "Naomba ile sauti tu."

Mume wangu, kama nilivyozoea kukutania, nimekubali. Khitma yako itasomwa nyumbani Ijumaa. Jumamosi mkeo Salima atapanda dungu lako na redio, nami nimemwambia aielekeze kule kule ulikoielekeza wewe.

Unakumbukwa na mimi bibi yako Mwanasiti, mke mwenzangu Salima, baba yako Mfaume, dada yako Muzdalifa, na majirani wote wa shambani. Hatutakusahau daima.

Betri nimekwisha kuzianika.