Nailoni za Viti

Shoga, acha kila kitu usome. Leo nusura nifukuzwe kazi, na kosa langu ni usafi!

Unalikumbuka lile gari jekundu la mbio hapa yadi, lile bosi analifunika kama mtoto mchanga? Ya aina ile yalitengenezwa machache tu duniani. Mnunuzi alikuwa anakuja leo, bosi akaniambia, "Liandae."

Nikaliandaa! Nikabandua nailoni zote za kiwandani kwenye viti. Zote! Nikapulizia na manukato.

Mnunuzi akafika, mama mmoja mtu mzima. Akafungua mlango. Akakagua viti.
"Nailoni ziko wapi?"

Nikajibu kwa tabasamu, shoga, kwa TABASAMU, "Nimezitoa, mama. Karibu ukae."

Bosi akakalia tairi. Kumbe gari kama lile thamani yake ni kutoguswa! Nailoni zikitoka tu, bei imeporomoka. Ningejuaje? Mimi nililelewa kumfutia mgeni kiti!

Yule mama akasema taratibu, "Nyumbani ninayo manne. Sijawahi kukaa ndani ya hata moja."
Akaingia. Akakaa. Akafumba macho. Nikajua huyu anazimia.

"Punguza bei," akamwambia bosi, "na nipe ufunguo. Hili nitaliendesha."
Akaondoka nalo, honi mpaka kona!

Bosi hajanifukuza. Ameziokota zile nailoni jalalani, akakivisha kiti changu cha ofisini. Eti nikizibandua, kwaheri.

Nakuandikia jasho linanitiririka mgongoni. Lakini thamani yangu haishuki ng'o!