Panya Waliozoea Barua Yangu

3 Juni

Mume wangu, asali wangu,

Hujambo? Mimi mzima, ila kitanda kimekuwa kipana kama uwanja. Wiki mbili tu za ndoa na maabara imeshakuchukua! Leo nimeshona mkono wa shati nyuma mbele kwa kukuwaza. Mwezi mmoja, umesema. Hebu niambie, hao panya wana nini cha kunishinda mimi?

Mkeo

12 Juni

Mke wangu,

Mimi salama. Mama hajambo? Panya hawakushindi kwa lolote. Kengele inalia, panya anapata tone la maji ya sukari. Akishajifunza, sehemu ndogo chini kabisa ya ubongo hushtuka kwa kengele na kuliamsha tabaka la juu, analosikilizia na kuelewa. Mistari ya ubongo wao kwenye skrini inatuonyesha. Lakini ubongo wa panya wangu unaamka kabla ya kengele! Profesa kanuna. Kazi ikiharibika, nitarudi nyumbani Agosti.

Mumeo

16 Juni

Mpenzi,

U mzima? Mimi nilikuwa mzima mpaka niliposoma "Agosti". Mama hajambo, anakusalimu. Niliishia sekondari, ubongo siujui, lakini paka wetu hulala fofofo cherehani ikinguruma. Gusa kifuniko cha sufuria uone macho! Wewe hugusa nini kabla ya kengele?

Mkeo

21 Juni

Mke wangu mwenye akili,

Habari za huko? Mimi najiona mjinga. Kila asubuhi nakaa kati ya vizimba, naikunjua barua yako, naisoma, ndipo nabonyeza kengele. Jana niliikunjua bila kengele wala sukari: mistari ikaruka! Wamejifunza mchakacho wa karatasi yako. Profesa alicheka mpaka akavua miwani: "Bwana harusi, hawa wanamsubiri mkeo kuliko wewe!" Lakini siku zimeharibika. Naanza na panya wapya. Ni Agosti, mpenzi. Nisamehe.

Mumeo

26 Juni

Mume wangu,

Sijambo, na msamaha usiombe. Kumbe ulikuwa unanisoma kila asubuhi! Nani kapendwa hivi? Sare za shule nimezimaliza, cherehani nimeifunika. Usijibu barua hii, jibu halitanikuta. Ijumaa saa nne asubuhi nashuka stendi ya huko kwako. Mwambie profesa asiwe na wasiwasi, panya wapya hawatasikia karatasi. Nikiwa na neno, nitakunong'oneza.

Mkeo