Siku Ulipokataa Kunifukuza

Ochieng wangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokuwa chetu. Wewe ulikuja mjini na Kijaluo chako, mimi nilishuka kutoka Bungoma na Kibukusu changu, na pale bandarini Kisumu, tukibeba magunia ya pamba, ikabidi tukutane katikati. Kiswahili chako kilikuwa cha kuvunjavunja. Lakini uliposimama juu ya kreti kuwasemea makuli wenzetu, hata karani wa meli aliacha kazi akakusikiliza. Nilikuwa najiuliza, mtu mwembamba hivi sauti hiyo ameiweka wapi.

Baadaye tukapanga chumba mtaani Migosi. Majirani walituita marafiki, wengine ndugu. Sisi tulijua tulivyokuwa: wenzi, kama mume na mke walivyo wenzi, ila hatukuwa na neno la kumwambia mtu. Asubuhi ulichemsha chai ukiimba vibaya, nami nikipiga pasi mashati yetu.

Miaka michache baada ya uhuru, siasa za mji ziligawanyika. Upande mmoja walikuwa watu wa kanisa, mila na utulivu. Upande wenu mlizungumza mambo ya wanyonge, ardhi na mishahara. Mlipotafuta mtu wa kugombea udiwani, jina lako ndilo lililotajwa kwanza. Ndipo minong'ono juu yetu ilipoanza.

Kwanza alikuja mzee wa kanisa kutoka upande ule mwingine, mtu mpole wa suti ya kijivu. Alisema wao hawachunguzi ya chumbani mwa mtu. Uhamie kwao, ufunge ndoa na msichana yeyote, mimi nirudi kwetu, na hakuna atakayeuliza tena. Ulimshukuru, ukamsindikiza hadi barabarani. Kabla wiki haijaisha wakaja wenzako wa chama na mwenyekiti wao, yule mwalimu uliyempenda kama baba. Yeye alisema jambo letu ni ugonjwa wa wazungu na matajiri, na mapambano hayawezi kubeba mzigo huo. Uoe, mimi nirudi kwetu. Mkishinda, ndipo mengine yatazungumzwa. Nilikuwa nimesimama na birika mkononi, nikashangaa. Watu wasiosalimiana mjini walikuwa wamekuja kuomba kitu kimoja.

Ulimjibu kwa adabu. "Mwalimu, huyu Wafula ni kuli. Kama yeye hawezi kutetewa, sisi tunatetea kuli gani?"

Akainuka, wakaondoka. Wakamteua mtu mwingine.

Mimi nilitaka kuondoka nikuache na siasa yako. Nilikuwa nimeshafunga nguo zangu kwenye shuka. Ukaifungua, ukayarudisha mashati msumarini, moja baada ya jingine, kisha ukaniambia nivae lile jeupe, twende kwenye mkutano wa chama, uwanjani Mamboleo.

Tulisimama mbele, bega kwa bega. Mgombea mpya alipouona uso wako akaanza utani juu ya wanaume wasio na bibi, wanaopikiana. Watu wakacheka. Kisha kicheko kikaanza kugeuka hasira. Wewe ukaomba kipaza sauti. Vijana wa jukwaani wakakuzuia. Ndipo Mama Atieno, muuza samaki wa Obunga, alipopanda na aproni yake yenye magamba, akawaambia wakuachilie.

"Siku askari walivunja vibanda zetu, ni huyu alisimama mbele yao," akasema. "Hakuuliza mtu analala na nani. Mpeeni aongee."

Wakakupa. Uliongea kidogo sana.

"Nimeambiwa nifukuze mtu mmoja kwangu ndiyo nifae kuwatetea. Pande zote mbili zimeniambia hivyo. Simfukuzi. Mwenye ananihitaji anajua mahali naishi."

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyetupa jiwe pia. Ulishuka, ukanijia, tukaondoka, nao wakatupisha njia. Nimeona meli zikiingia bandarini usiku wa dhoruba, nimeona mvua ikisimama juu ya ziwa kama ukuta, lakini sijaona kitu kikubwa kama mgongo wako ukipita katikati ya watu wale.

Hukugombea tena. Lakini watu walikuja: wanawake wa sokoni, makuli waliofukuzwa kazi, na hata baadhi ya wale waliocheka, wakipitia nyuma ya nyumba wasionekane. Mimi nilinuna. Wewe ulisema anayepita nyuma naye ana shida, ukamvutia kiti.

Ugonjwa wa kifua ulipokuchukua, pande zote mbili zilikuja mazishini kwenu. Mzee wa kanisa alisema ulikuwa mtu wa amani, mtu wao. Mwalimu alisema ulikuwa mpiganaji, mtu wao. Walikuvuta huku na huku ukiwa umelala, na hakuna aliyenitaja. Nilikuwa nyuma kabisa, kando ya ua. Mama yako, ambaye hakuwahi kukanyaga chumba chetu, akainuka mwalimu akiwa bado anahutubu. Akapita watu wote, akanishika mkono, akanikalisha mbele kando yake. Akaniinamia.

"Mtoto yangu alikuwa anakula mzuri kwako?"

Nikamwambia, "Alikula, Mama." Akaitikia kwa kichwa, na hakuniachia mkono mpaka kaburi lilipofunikwa.

Bado nakaa Migosi. Wanasiasa wanapita na magari yao ya vipaza sauti, wananiomba kura, nami nawasikiliza tu. Sijui kama kuna chama hata kimoja kitakachonihesabu nikiwa hai. Lakini kuna mtu aliyenichagua mbele ya uwanja mzima, na mpaka leo sijazoea.

Pumzika, Ochieng.

Ni mimi, mwenzako wa nyumba moja,
Wafula