Maji ya Kabichi na Presha ya Mama

Kaka yangu mpendwa Ognyan,

"Presha isiyouma si ugonjwa. Mama apewe kidonge siku kichwa kikimgonga, basi." Maneno yako hayo, na sikubali hata moja. Lakini salamu kwanza, usije ukasema mji umeniharibia adabu. Hapa Plovdiv hatujambo. Mama anakula vizuri, anauliza kama theluji imewaruhusu kutoka nje.

Alipofika kwangu, presha yake ilikuwa juu mno. Dakta Mladenova akamwandikia vidonge vya kila siku, aumwe asiumwe. Akawa anavimeza mbele yangu, lakini presha haikushuka. Unanijua: nilikwenda na Mama kumwambia daktari kwamba amesoma bure. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akamuuliza Mama dawa anaiteremsha kwa kinywaji gani.

"Maji ya kabichi, mwanangu," Mama akajibu. "Ya bomba hayana nguvu."

Maji ya chumvi ya pipa lako la kuchachushia kabichi, Kaka! Zile chupa unazompa dereva wa basi kila Ijumaa, Mama alizipanga kwenye roshani yangu, nyuma ya vyungu vya maua. Kidonge kinashusha, chumvi inapandisha. Daktari alicheka hadi akavua miwani. Mama akanuna, akadai tunataka kumfanya mtu wa mjini. Sasa anameza kwa maji matupu, presha inashuka, naye anawahubiria vikongwe wenzake benchini kana kwamba chumvi ilimtukana yeye binafsi.

Kuna jambo sijakuambia. Siku ile ya ugomvi daktari alinipima na mimi, kwa utani. Ilikuwa juu. Nikasema ni hasira. Nimerudi mara kadhaa nikiwa nimetulia, na bado presha yangu inaipita ya Mama. Kichwa hakijaniuma hata kidogo. Baba naye hakulalamikia kichwa mpaka alipoanguka kati ya mizabibu. Nimeanza vidonge, Kaka, na ninajisikia vizuri.

Mama anarudi kwenu Jumapili. Wifi Stoyanka, nisalimie watoto, na umpe Mama kidonge kila asubuhi, hata akiamka anaimba. Chupa za pipa zisimfikie. Nawe Kaka, kabla ya kwenda kumpokea kituoni, pitia zahanati, keti utulie, kunja mkono wa shati upimwe. Usiniandikie hoja. Niandikie namba.

Mdogo wako akupendaye,
Tsvetana