Kiganja Kimekataa Kutazama Juu

Mama yangu,

Shikamoo. Baba naye shikamoo yake, na bibi ya kwake, asije akasema nimemnyima. Hapo Yaeda Chini mmeamkaje? Ng'ombe wanapata majani? Safari, mdogo wangu, msomee mama kwa sauti, na usiruke mahali ninapojisifu.

Huku Morogoro bado mimi ndiye mkata miwa mzuri kuliko wote. Ila nilianguka kutoka juu ya tela, mkono wa kulia ukavunjika chini ya kiwiko. Wenzangu wakasema twende hospitali. Nikawacheka: "Nyie watoto wa mjini, mimi nimefunga miguu ya ndama wangapi!" Nikaufunga kwa vijiti na kamba, kiganja chini, kama Baba anavyofunga. Ukaunga, mama! Nikatamba kambi nzima.

Kumbe mguu wa ndama kazi yake ni kujikunja na kujinyoosha, basi. Mkono wa mtu una na kazi ya kujigeuza. Hapo ndipo pamekataa.

Sasa naenda kwa mama mmoja wa mazoezi ya viungo. Ananibana kiwiko ubavuni.

"Kunja." Nakunja.

"Nyoosha." Nanyoosha kama mwanajeshi.

"Geuza kiganja kitazame juu."

"Si hicho hapo, dokta?"

"Umeinua bega, mjanja wewe. Bega sijaliomba. Nataka kiganja."

Kiganja kimya. Nimekibembeleza, nimekitukana kwa Kiiraqw, wapi! Anasema ile mifupa miwili inayopishana mkono ukigeuka imeshikana, mazoezi hayataiachanisha. Labda wapasue, na hata hapo haahidi kitu.

Kalamu naishika, yenyewe inataka kiganja chini. Panga pia. Lakini maji ya kunawa hayakai mkononi, na mzee akinipa kitu napokea kwa kushoto, ananiona sina adabu. Nimeshindwa, mama. Sijui nimwambie nani.

Safari kaniandikia kwamba dada amejifungua, na mnaningoja mjomba nije nimpakate mtoto. Nakuja. Msalimieni dada, mwambieni asinipe mtoto haraka haraka, na asinicheke. Kila asubuhi nafanya mazoezi kwa mto wa kulalia. Nauweka mkononi, nauita mjomba.

Leo tena umeanguka.

Mwanao mtukutu,
Bura